Rakija mezani: namna ya kukipima kileo kinachotolewa kwa heshima

Mgeni akifika asubuhi katika nyumba ya kijijini huko Šumadija, eneo la vilima lililo kusini mwa Belgrade, huwekewa sinia lenye kahawa ya Kituruki, bilauri ya maji, kijiko cha matunda yaliyopikwa kwa sukari yaitwayo slatko, na glasi ndogo ya rakija. Huenda hata saa tatu haijafika. Mwenyeji hajioni kuwa anakunywa pombe. Anajiona anampokea mgeni, na kwa sababu hiyo kileo hicho hakihesabiwi, si na anayekitoa wala na anayekipokea. Makala haya yanawalenga wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Serbia au wanaokwenda huko kusoma na kufanya kazi, ili wakijue kinachomiminwa mbele yao.

Rakija ni jina la jumla la pombe kali inayokenekwa kutokana na matunda. Iliyo maarufu kuliko zote ni šljivovica, inayotokana na plamu, na mwaka 2022 UNESCO iliyaingiza maarifa na desturi za kuitengeneza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Zipo pia za aprikoti, za peasi, za zabibu na ya tunda la kwinsi, ambayo harufu yake hujaza chumba kizima. Plamu huachwa mtini mpaka ngozi ianze kunyauka karibu na kikonyo, kwa kuwa hapo ndipo sukari inapokuwa nyingi, kisha huchachuliwa kwenye mapipa kwa wiki kadhaa. Vuli inapoingia, majirani hukaa kuuzunguka mtambo wa shaba uitwao kazan, wakichochea kuni na kuonja kinachodondoka kwenye bomba. Sisi husema mtu anapika gongo; Waserbia husema wanaoka rakija, kwa kitenzi kile kile wanachokitumia kwa mkate. Mkeneko wa kwanza hutoa kinywaji chepesi kidogo, na kikirudishwa mtamboni hupatikana prepečenica, yaani iliyookwa mara mbili, ambayo ndiyo fahari ya mwenye nyumba.

Fahari hiyo ndiyo inayohitaji kipimo. Rakija ya dukani kwa kawaida huwa na alkoholi ya asilimia 40 au zaidi kidogo, lakini ile ya nyumbani, ambayo husifiwa kwa neno moja tu, domaća, hufika asilimia 50 na pengine kupita, na chupa yake haina lebo. Tufanye hesabu. Glasi ya mililita 50 yenye rakija ya asilimia 50 ina mililita 25 za alkoholi tupu, sawa na gramu 20 hivi, kiasi kile kile kilichomo katika nusu lita ya bia ya asilimia 5. Glasi tatu za namna hiyo zinakaribia gramu 60, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitumia kutambua unywaji wa kupita kiasi kwa mkao mmoja. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo aliyekunywa glasi tatu saa tano usiku anaweza kuamka saa kumi na moja alfajiri akiwa bado na kileo damuni, ilhali sheria ya Serbia haimruhusu dereva wa kawaida kuvuka miligramu 0.2 kwa mililita ya damu, na kwa dereva mpya au wa kazi hairuhusu kabisa.

Kufika glasi tatu ni rahisi, kwa sababu desturi yenyewe inasukuma. Mgeni akimaliza ya kwanza huambiwa kwamba mtu hatembei kwa mguu mmoja, na ya pili humiminwa. Glasi tupu huchukuliwa kuwa ombi. Siku ya slava, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo, ambayo kwa familia nyingi huangukia tarehe 19 Desemba, siku ya Mtakatifu Nikolai, wageni huja bila kualikwa, na mkate wa ibada humwagiwa divai nyekundu kabla ya mlo. Msibani rakija hunywewa pia, ila glasi hazigonganishwi, na tone moja humwagwa chini kwa ajili ya marehemu. Kwa kweli ni desturi zenye utu mwingi, na sioni sababu ya kuzidharau. Bia na divai, ambayo wakati wa joto huchanganywa na maji ya soda na kuitwa špricer, hunywewa sana mijini, lakini hazibebi uzito huo wa heshima, na ni rahisi zaidi kuzikataa.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni rakija kugeuzwa dawa. Zipo nyumba ambamo mtoto mwenye homa huvishwa soksi zilizoloweshwa rakija, au husuguliwa nayo kifuani. Alkoholi hupenya ngozi laini ya mtoto na huvutwa pamoja na hewa, nayo inaweza kumshusha sukari na kumlegeza hata apoteze fahamu. Mtoto mwenye homa apewe maji ya kutosha na dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wake.

Kuhusu sumu, kuna imani moja ya kusahihishwa, kwamba kumwaga kinachotoka mwanzo mtamboni huiondoa yote. Ndani ya matunda mna pektini, kitu kile kile kinachoifanya jamu igande, na sehemu yake hugeuka methanoli, alkoholi ya aina nyingine iliyo sumu, wakati wa kuchachuka. Waokaji humwaga kinachotoka mwanzo, kiitwacho prvenac, na wanafanya vyema, kwani kina kemikali kali zisizofaa. Lakini methanoli haiishii hapo, huendelea kutoka kidogo kidogo hadi mwisho. Katika rakija iliyotengenezwa kwa uangalifu hubaki kidogo. Vifo vya watu wengi kwa pamoja, kama vile vya makumi ya Wakenya mnamo Mei 2014, hutokana na methanoli inayochanganywa kwenye pombe haramu. Chupa ya bei ya kutupa isiyojulikana ilikotoka isinunuliwe, hata ikiitwa domaća.

Asiyetaka kunywa ana njia zinazokubalika bila kumvunjia mwenyeji heshima. Neno vozim, yaani naendesha gari, humaliza mjadala, na kusema unatumia dawa pia huheshimiwa. Anayetaka kushiriki kidogo anaweza kuinua glasi, kumtazama mwenyeji machoni, kusema živeli, kugusisha midomo, kisha kuiacha ikiwa imejaa. Chakula kitangulie, na jibini na nyama kavu hazikosi mezani.

Mtu aliyekunywa pombe ya mashaka akaanza kulalamika, saa kadhaa baadaye au hata kesho yake, kwamba macho yana ukungu kama anayetazama ndani ya theluji, huku akitapika na kuhema haraka, asiachwe alale. Simu ya gari la wagonjwa nchini Serbia ni 194, na kituo cha taifa cha kudhibiti sumu kipo katika Chuo cha Tiba cha Kijeshi, Belgrade. Anayempeleka aichukue na chupa yenyewe.