Ndani ya mchango: kipande kimoja chini ya hadubini

Wanafunzi wetu hawaanzi na mchango, yule mnyoo mviringo wa tumboni, wa binadamu. Wanaanza na ndugu yake wa nguruwe, Ascaris suum, tunayemtoa kwenye matumbo machinjioni. Hawa wawili wamefanana mno, hata kwa hadubini kuwatofautisha ni kazi. Jike hufika sentimita 30 na ushee.

Kabla ya kumkata vipande vyembamba vya hadubini sharti formalini, dawa ya kumhifadhi asioze, imwingie, na hapo pana ugumu wake. Ngozi yake ya nje ni ya kolajeni, aina ya protini ngumu, tabaka juu ya tabaka, nyuzi zake zimekatizana kama ukili wa mkeka. Ngozi hiyo humsaidia asimeng'enywe tumboni, lakini huizuia formalini pia. Ukimtumbukiza mzima anakakamaa nje huku ndani anaoza. Basi tunamkata vipande kwanza, tena taratibu, maana mwili umejaa maji yenye shinikizo na ukimtoboa ghafla yanakurukia usoni. Glavu ni lazima. Wapo watu wa maabara ambao mzio wa mnyoo huyu umewafikisha mahali hawawezi kukaa naye chumba kimoja bila kupiga chafya.

Kipande kikishagandishwa katika nta, kikakatwa kwa wembamba wa mikrometa 5 na kutiwa rangi, utaona duara. Katikati ni utumbo, bomba bapa lenye ukuta wa safu moja ya seli ndefu. Pembeni yake, kwa jike, mirija ya uzazi imejikunja hata kisu kimeipitia mara nyingi. Jike mmoja hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, kwa hiyo nafasi ya vitu vingine ni ndogo.

Mimi hukawia kwenye misuli. Kwa binadamu, neva ndiyo inayoufuata msuli. Kwa mchango, kila seli ya msuli huchomoa mkono wake na kuifuata neva, iwe ya mgongoni au ya tumboni. Neva zenyewe ni chache: mwili mzima una seli za neva 298 tu. Richard Goldschmidt, Mjerumani, alizichora zile za kichwani mwaka 1908 kwa kufuatilia kipande baada ya kipande. Misuli yote imelala kwa urefu, ya kuzunguka mwili hakuna, kwa hiyo mchango hawezi kujivuta kama nyungunyungu. Anajipinda tu, na shinikizo la yale maji humnyoosha tena.

Mnyoo wa safura huuma ukuta wa utumbo akang'ang'ania. Mchango hana cha kushikia, anaogelea dhidi ya mkondo saa zote. Dawa za minyoo levamisoli na piranteli huikakamaza misuli yake, naye husombwa na kinyesi, pengine angali hai. Albendazoli na mebendazoli hupiga zile seli ndefu za utumbo. Hadubini ya elektroni ilionyesha mwaka 1975 kwamba mebendazoli hufuta vijirija vidogo vilivyo ndani ya seli hizo, na mnyoo hushindwa kufyonza chakula. Kifo cha namna hii ni cha siku kadhaa, kwa hiyo mzazi anayesema kesho yake kuwa dawa ni feki kwa sababu hajaona mnyoo, ana haraka.

Mayai yaliyokwisha kutua udongoni dawa haiyafikii. Ganda lake lina tabaka la ndani la mafuta, gumu kupenyeka kuliko hata ngozi ya mama yake. Maabara tunayaatamisha ndani ya formalini hafifu ili bakteria wasiyaharibu, na lava, yaani minyoo michanga, hukua humo kana kwamba ni maji ya kawaida.