Matufe bubu ya angani: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Setilaiti isiyo na betri wala redio ni takataka tu.

Neno setilaiti limetuzoesha picha ya mabawa ya sola na antena. LCS-1 haina hata kimoja. Ni tufe la alumini lenye uwazi ndani, kipenyo mita 1.12, lililorushwa na Marekani Mei 1965, na bado linazunguka. Wenye rada hulipiga mawimbi na kupima mwangwi. Hesabu ya ukubwa ambao rada inapaswa kuuona ni ya darasani: pai mara nusu kipenyo kipeo cha pili, jibu ni karibu mita moja ya mraba. Rada ikisoma moja na nusu, iliyokosea ni rada. Jiwe la mizani nalo halisemi kitu, lakini muuzaji na mnunuzi wote wanaliamini.

Dhana: Bamba bapa lingefaa zaidi, maana linang'aa kuliko mpira.

Linang'aa kweli, kwa kitambo kidogo. Likigeuka nyuzi chache tu, mwangwi unakwenda kwingine. Tufe halina mbele wala nyuma. Lijiviringishe litakavyo, jibu ni lile lile. Sharti ni moja: mawimbi yawe mafupi sana kuliko tufe, la sivyo hesabu ile haifai. Mwaka 1994 chombo cha anga cha Marekani, Discovery, kiliachia matufe sita, madogo kabisa ya sentimita 5, ili rada zinazosaka vipande vya taka angani zijipime kwa kitu chenye ukubwa unaojulikana.

Dhana: Kifaa kikishasawazishwa kiwandani, basi.

Joto hupanda na kushuka, nyaya huchakaa, vipuri hubadilishwa. Kinapimwa tena na tena.

Dhana: Setilaiti ikiwa nyepesi ndiyo bora.

Si kwa LAGEOS, ya mwaka 1976. Ina upana wa sentimita 60 tu, lakini uzito wake unapita kilo 400, kwa sababu kiini chake ni shaba nyeupe. Mwanga wa jua wenyewe husukuma vitu angani, na kitu kizito chenye umbo dogo hakisukumwi kirahisi, kwa hiyo njia yake hutabirika. Vioo vyake 426 hurudisha mwali wa leza kule kule ulikotoka. Vituo vingi vya leza vya ardhini vikikubaliana kuhusu mahali ilipo, na kimoja kila siku kikasoma sentimita mbili zaidi, mafundi wa kituo hicho huanza kukagua saa na nyaya zao.