Dal-mi hakukosea, ila mlango wa Han Ji-pyeong ndo uliofunguliwa kwanza

Nikishasema tu kwamba kazi yangu ni kuandika skripti za tamthilia, swali linalofata nalijua, hasa nikiwa saluni. "Dada, hebu wewe unayeandika niambie, hivi yule Dal-mi alikuwa na akili gani kumuacha Han Ji-pyeong?" Na mtu haulizi kwa utani, anauliza kitana kiko hewani, kichwa changu nusu kimesukwa nusu bado, anataka jibu. Anasema tamthilia ya Kikorea, Start-Up, iliyoonyeshwa Korea mwishoni mwa 2020 na mpaka leo watu wana hasira nayo. Mi hiyo hasira naiheshimu sana, naona ndani yake kuna somo kubwa la kazi yetu, ila naona inampiga mtu asiyehusika.

Kwa ambao hamjaiona, nitataja mwisho wa tamthilia tatu nne humu ndani kwahiyo kama hutaki kujua ishia hapa hapa.

Kuna kijana yatima, Ji-pyeong, ametoka kituo cha watoto hana pa kwenda, bibi mmoja muuza soseji za kukaanga anampokea analala dukani kwake. Bibi ana mjukuu, Dal-mi, wazazi wameachana, dada yake kaondoka na mama, mtoto kabaki mpweke. Bibi anamwomba Ji-pyeong amwandikie mjukuu barua kama rafiki wa kalamu, asitumie jina lake. Anachukua jina la mtoto aliyemuona gazetini, bingwa wa hesabu, Nam Do-san. Barua zinawekwa kwenye kijumba cha ndege. Miaka 15 inapita, Dal-mi keshakua na moyoni ana Do-san wa zile barua, alafu anakutana na Do-san wa kweli ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja, na mwisho anaolewa naye huyo huyo.

Sasa angalia haya yote umeyajua lini. Mengi umeyajua episodi ya kwanza! Kabla hujamjua Do-san ni nani, ushamuona Ji-pyeong analala dukani, ushamuona anaandika barua usiku, ushamsikia bibi anamwambia siku ya kuagana kwamba akifanikiwa asimtafute, ila mvua ikimnyeshea na hana pa kwenda, aje. Mimi pale nililia. Wahenga wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi mtazamaji kile kitanda cha Ji-pyeong amekilalia, kunguni wote anawajua mmoja mmoja. Dal-mi hajakilalia. Dal-mi anamjua kama mwekezaji mmoja mwenye suti nzuri na mdomo mkali anayewakosoa watu kwenye mradi wao.

Hapo ndo penye kiini cha ninachotaka kusema. Mtazamaji hampendi aliye bora, anampenda yule ambaye siri yake anaijua. Ukipewa siri ya mtu ambayo wenzake ndani ya hadithi hawana, unakuwa kama shahidi wake, na shahidi hawezi kukaa kimya akiona mtu wake anashindwa. Kwahiyo watu wakisema "Dal-mi mjinga" wanachosema kwa kweli ni "mimi najua kitu ambacho yeye hajui na inaniuma", na ni haki yao inawauma kwasababu mwandishi mwenyewe, Park Hye-ryun, ndo aliyewapa hicho kitu mkononi mwanzoni kabisa.

Mtu atasema lakini katikati ya tamthilia Dal-mi aligundua barua nani kaandika, mbona bado? Na baadae Do-san akaenda Marekani miaka mitatu, Ji-pyeong yuko hapo hapo kila siku, mbona bado? Sawa. Ila kugundua jambo ni tofauti na kuishi nalo. Dal-mi alipewa taarifa, sisi tulipewa maisha, tulikaa na yule kijana kwenye lile duka. Halafu kuna kitu saluni hatukipi uzito, kwamba yeye katika watu wazima wawili waliokuwa mbele yake alimpenda Do-san, aliyekuwa anafanya naye kazi usiku kucha, anayeshindwa naye na kuanza naye upya. Kuna ubaya gani hapo? Barua za utotoni si deni.

Ila simtetei mwandishi kwenye kila kitu. Ukimpa mtu jeraha kubwa namna ile episodi ya kwanza, umeweka ahadi. Si lazima ahadi hiyo iwe ndoa, lakini lazima ilipwe kwa uzito ule ule, na Ji-pyeong alipunguzwa, kuelekea mwisho akawa mtu wa kusimama pembeni na kusaidia mapenzi ya wenzake. Hapo hasira ya watu naikubali bila ubishi wowote.

Sasa linganisha na Reply 1988, ambayo kwangu ndo darasa lenyewe. Ilianza Novemba 2015 ikaisha Januari 2016, na episodi ya mwisho ilifika asilimia 18.8 ya watazamaji, namba kubwa sana kwa chaneli ya kebo kule. Mtaa mmoja wa Ssangmun-dong Seoul, familia tano, vijana wanne wa kiume na Deok-sun, na tangu mwanzo unaambiwa Deok-sun aliolewa na mmojawapo ila huambiwi nani. Wakorea wakagawanyika kambi mbili, wa Jung-hwan na wa Taek, mpaka kila kambi ikawa na jina lake la kifupi. Mwisho akawa Taek, yule mpole mcheza baduk, mchezo wa ubao wa kete nyeusi na nyeupe. Kambi ya Jung-hwan wakasema tumedanganywa.

Je, walidanganywa? Mi nimeirudia mara nyingi, na nakwambia dalili za Taek zimejaa. Deok-sun anasafiri naye mpaka China kwenye mashindano, anamhangaikia chakula na joto la chumbani. Ila kamera, kamera ilikaa na Jung-hwan. Sisi ndo tuliomuona ndani ya basi anazuia watu kwa mikono yake wasimbane Deok-sun, sisi ndo tuliomuona anatoka na mwavuli usiku kumsubiri. Taek tulimuona kwa nje kama mtaa mzima unavyomuona, mtoto mpole anayenyamaza. Kwahiyo hadithi ilikuwa ya Taek lakini maumivu tuliyopewa ni ya Jung-hwan, na mtu hukumbuka maumivu.

Alafu kuna kitu kingine wengi huku hawakijui. Timu hiyo hiyo, mwandishi Lee Woo-jung na dairekta Shin Won-ho, walikuwa wameshafanya Reply 1997 (mwaka 2012) na Reply 1994 (mwaka 2013), na zote mbili mume alikuwa yule wa karibu, wa toka nyumbani, anayeficha mapenzi nyuma ya ukali. Watu wakazoea, wakaweka mkataba kichwani kwamba na ya tatu itakuwa hivohivo. Mazoea ni ahadi pia hata kama hujaitamka.

Lakini Jung-hwan mwenyewe anajihukumu vizuri kuliko kambi yake yote. Episodi ya 18, Deok-sun kaachwa peke yake kwenye tamasha, Jung-hwan anaendesha gari mbio, taa nyekundu zinamshika, anafika anakuta Taek keshafika, kaacha mechi yake kaja. Na anasema moyoni kwamba kosa sio la taa wala la bahati, kosa ni kusita kwake kote kule. Ukimsikiliza pale huwezi tena kusema Deok-sun alikosea. Mtu hawezi kuchagua mlango ambao haujawahi kufunguliwa.

Na Deok-sun ndo tunayemsahau kwenye huu ubishi wote! Mtoto wa katikati, bethdei yake inaunganishwa na ya dada yake keki moja. Alifanya mazoezi miezi abebe bango la Madagaska kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Seoul, Madagaska ikasusia mashindano, akalia, mwisho akaingia uwanjani na bango la Uganda (Waganda mlioiona mnajua ile raha). Huyu ni msichana ambaye kila kitu anapewa cha mkono wa pili. Hata mapenzi, marafiki zake wanamwambia fulani anakupenda, basi anaanza kumpenda fulani. Mpaka Dong-ryong, rafiki yao yule mchangamfu, anamuuliza swali moja tu: achana na nani anakupenda wewe, wewe je unampenda nani? Kwangu hiyo sini ndo tamthilia nzima. Tukikaa kubishana nani kati ya wanaume wawili alistahili kumpata, tunamfanyia kile kile ambacho nyumbani kwao walimfanyia.

Twenty-Five Twenty-One ya 2022 malalamiko yake ni ya aina nyingine. Pale watu hawakulalamika kachagua nani, walilalamika kwamba wapenzi wenyewe, Hee-do na Yi-jin, hawakuishia pamoja. Dalili ilikuwepo toka mwanzo, binti wa Hee-do jina lake la ukoo ni Kim na la Yi-jin ni Baek, mwandishi alikuwa muwazi kabisa. Shida yangu mimi ni kasi. Episodi 14 unajenga watu wawili wanaobebana kwenye msukosuko wa uchumi wa 1998 na baada yake, halafu kuvunjika kwao unakubana kwenye mbili za mwisho. Sababu zenyewe ni nzuri, kazi ya utangazaji imemmeza Yi-jin, yuko New York baada ya Septemba 11 na anachokiona kinamla ndani, ila tuliambiwa haraka haraka. Uchungu unahitaji muda wake sawa na furaha.

Kuna sababu pia ya watazamaji wa Korea kusema kwa nguvu vile, wamezoea kusikilizwa. Miaka mingi tamthilia zao zilikuwa zinashutiwa huku zinaonyeshwa, kurasa za skripti zinafika lokesheni asubuhi ya kushuti, kwahiyo kelele ya wiki hii inaweza kugusa episodi ya wiki ijayo. Mwaka 2004 Lovers in Paris, iliyokuwa inaangaliwa na zaidi ya asilimia 50, iliishia kwa kuonyesha kwamba yote yalikuwa skripti aliyoiandika mhusika mwenyewe, na watu waliwaka. Siku hizi nyingi zinakamilika kabla, Descendants of the Sun ya 2016 ilishutiwa yote kwanza ili itoke Korea na China kwa pamoja, hapo hata upige kelele vipi mwisho umeshafungwa.

Na sisi tunaoangalia za kutafsiriwa kuna mtu mwingine anatuchagulia upande, yule mwenye sauti. Akimwita mmoja "steringi" na mwingine "yule jamaa" keshamaliza kazi. Tena kuna hilo neno la oppa, msichana anamwita hivo kaka yake na pia mpenzi wake, ukiliweka "kaka" kila mahali mtazamaji wa Kiswahili anashtuka, mbona anampenda kaka yake? Kwenye Reply 1994 episodi ya kwanza inacheza na hilo hilo makusudi, unadhani ni ndugu wa damu kumbe sio. Neno moja tu likikosewa, uamuzi mzima wa yule dada unaonekana wa ajabu.

Haya nayasema kwasababu yamenikuta. Kuna tamthilia niliiandikia, nisitaje wapi, kijana aliyepewa nafasi ya pili aliigiza vizuri mno, prodyuza akataka aongezewe sini, nami nikampa: usiku peke yake, simu ya mama yake kijijini, mshahara anaougawa kwenye bahasha tatu. Kila sini ilikuwa nzuri yenyewe kwa yenyewe. Mwisho ulikuwa umeshapangwa, msichana aende na steringi, na nilipopeleka pale watazamaji walimtukana dada wa watu aliyeigiza, mpaka sokoni. Iliniuma sana. Yeye hakuandika chochote, niliyemfungulia mtu mlango nikasahau ni mimi.

Toka siku hiyo kabla sijaanza kuandika nachukua daftari nachora mistari, kila mhusika na sini ambazo yuko peke yake na sisi, bila mwenzake kuona. Jaribu na wewe kwenye sizoni unayoangalia sasa hivi, hesabu hizo tu. Nadhani utajua moyo wako unaelekea wapi kabla ya episodi ya nne, na ukifika mwisho ukakasirika utajua umkasirikie nani.

Sasa hivi nina msichana wa Tandika kwenye skripti mpya, wanaume wawili, mmoja fundi friji na mmoja mwalimu. Rasimu ya kwanza ilianza na fundi, mvua, amekaa barazani kwa watu anasubiri ipungue. Sini tamu sana. Juzi nimeitoa pale mwanzo, nimeipeleka episodi ya tano, na barazani sasa anaanza kukaa msichana.