Daktari wa Timu Hatazami Mpira

Wengi tunaamini daktari wa timu hukaa benchi akila mechi kama sisi, kazi yake ianze mwamuzi akimwita. Si ajabu: kamera humwonyesha akiwa tayari mbioni na mkoba wake. Lakini kazi huwa imeanza zamani. Mpira ukipelekwa winga ya kulia, macho yake yanabaki kushoto, kwa wale wawili waliogongana vichwa sekunde chache nyuma. Kuingia uwanjani anahitaji ruhusa ya mwamuzi. Kutazama hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Dhana inayonikera zaidi ni hii ya kwamba hatari iko kwenye rafu, na anayeanguka bila kuguswa anapoteza muda. Ni kinyume kabisa. Juni 12, 2021, mjini Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland, Christian Eriksen alifuata mpira wa kurusha karibu na mstari. Hakuna aliyemgusa. Alianguka kama gunia, moyo umesimama. Madaktari wakamkandamiza kifua, wakaushtua moyo kwa mashine, akazinduka palepale kwenye nyasi. Februari 2022 alirudi kucheza, safari hii Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na kifaa cha kulinda moyo kilichopandikizwa kifuani.

Kuna na ile ya “mbona anahema, huyo mzima.” Moyo ukisimama ghafla, mtu anaweza kutweta kwa vipindi, mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini, hata mwili ukatikisika kama wa mwenye kifafa. Huko si kupumua. Asiyeitika na asiyepumua sawasawa hukandamizwa kifua papo hapo, mashine ikifuatwa, kwa kuwa kila dakika inayopita bila hayo mawili hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10 hivi. Mashine iliyofungiwa stoo, na mwenye ufunguo yuko jukwaani, haina faida.

Wengi huamini pia kwamba aliyezimia humeza ulimi, lakini ulimi haumezwi. Unaweza kulegea na kuziba njia ya hewa, na dawa yake ni kuinua kidevu na kulaza kichwa nyuma. Wachezaji wenzake wanaohangaika kumtia vidole mdomoni wanakula muda wa kukandamiza kifua, na wanaweza kung'atwa.

Halafu kichwa: “hakuzimia, aendelee.” Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii hata kidogo. Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa usoni na bega, akatibiwa, akarudi kucheza kwa dakika kadhaa. Kisha akamwendea mwamuzi Nicola Rizzoli na kumuuliza kama hii ndiyo fainali. Rizzoli akadhani anataniwa. Kramer akarudia swali, na hapo mwamuzi ndiye aliyekwenda kumpasha Bastian Schweinsteiger kwamba mwenzake hayuko sawa.