Je, Wajua? Kwa Nini Sumu ya Nyoka Hutumika Kupima Ugonjwa wa Kope Kulegea

Mtu anaamka mzima, lakini ikifika alasiri ukope mmoja umeshuka, vitu anaviona viwili viwili, na taya zinachoka kabla sahani haijaisha. Mombasa ni rahisi kusingizia joto na kazi. Daktari wa neva atashuku miasthenia gravisi, ugonjwa wa misuli kulegea, na miongoni mwa vipimo vya damu atakavyoagiza kipo kimoja ambacho hakiendi bila sumu ya nyoka.

Msuli hupokea amri ya neva kwa njia ya kemikali iitwayo asetilikolini, inayonata kwenye vipokezi vilivyo juu ya msuli. Kwa wagonjwa wengi, kinga ya mwili imetengeneza kingamwili, yaani protini za kujikinga, zinazoshika vipokezi hivyo na kuviharibu. Mwaka 1973 watafiti Jim Patrick na Jon Lindstrom waliwadunga sungura vipokezi vya samaki wa umeme. Sungura wakatengeneza kingamwili, wakalegea. Kufikia 1976 kipimo cha damu ya binadamu kilikuwa kimepatikana.

Ugumu ni kwamba vipokezi ni haba mno na havionekani. Lazima vitiwe alama. Alama hiyo ni sumu iitwayo alfa-bungarotoksini, iliyotenganishwa mwaka 1963 na C. C. Chang na C. Y. Lee, nayo hutoka kwa nyoka Bungarus multicinctus. Nyoka huyu hayuko Pwani yetu. Kwao ni Taiwan na kusini mwa China. Sumu yake hunata kwenye kipokezi kwa nguvu, haibanduki kwa urahisi, na ikifungwa iodini-125 yenye mionzi, kila kipokezi kinaweza kuhesabiwa. Tena hukaa pale pale ambapo asetilikolini ingekaa, ilhali kingamwili nyingi za ugonjwa huu hushika sehemu nyingine ya kipokezi. Sumu na kingamwili hukaa pamoja bila kusukumana, na kipimo chote kimesimama juu ya hilo. Zile chache zinazogombania mahali pa sumu kipimo hiki kinaweza kuzikosa.

Kazi yenyewe huanza na mikrolita 5 tu za seramu (maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda), zinazochanganywa na vipokezi vilivyotiwa alama na kuachwa kwa saa mbili hivi. Kisha hutiwa kingamwili ya mnyama inayoshika kingamwili za binadamu, ili zote zigandamane na kuzama. Bomba likishazungushwa kwenye sentrifuji, chini hubaki doa jeupe dogo sana. Hapo ndipo mikono inapojaribiwa: ncha ya kunyonyea maji ikigusa doa hilo, sehemu yake huondoka na jibu linashuka kwa uongo. Mtaalamu asiposafisha vya kutosha, sumu iliyobaki huru inapandisha jibu. Mashine ya miale ya gamma huhesabu, kisha hesabu ya seramu ya mtu asiye mgonjwa hupunguzwa humo. Iodini-125 hupungua kwa nusu kila siku 60 hivi, kwa hiyo asiyerekebisha hesabu kwa tarehe ya kemikali anadanganyika. Kingamwili zikiwa nyingi kupita kiasi, vipokezi vya kwenye bomba huisha. Seramu inabidi izimuliwe na kupimwa upya.

Jibu hutolewa kwa nanomoli kwa lita. Maabara nyingi huona chini ya 0.25 kuwa hakuna kitu, na 0.5 kwenda juu kuwa kingamwili zipo. Lakini usilinganishe namba ya mgonjwa mmoja na ya mwenzake: mwenye namba kubwa anaweza kuwa na kope tu zilizolegea, na mwenye ndogo akawa anapumua kwa taabu.

Kati ya wagonjwa ambao udhaifu umeenea mwilini, takriban 80 hadi 85 kwa 100 hupatikana na kingamwili hizi. Wenye ugonjwa wa macho pekee ni kama nusu. Kwa hiyo jibu la "hakuna" halimwondolei mtu ugonjwa. Wengine wana kingamwili dhidi ya MuSK, protini nyingine ya msuli, zilizogunduliwa mwaka 2001. Sumu ya nyoka haishiki MuSK, hivyo hupimwa kwa kutia iodini kwenye MuSK yenyewe. Wengine kingamwili zao hushika kwa unyonge, zikihitaji vipokezi vilivyosongamana ndipo ziweze kung'ang'ania. Katika kipimo cha bomba vipokezi vimetenganishwa kwa sabuni, basi huachia. Hao hupimwa kwa seli hai zilizopandikizwa vipokezi pamoja na protini ya rapsini inayovikusanya, kisha mtaalamu hutazama mng'ao kwenye hadubini.

Damu ichukuliwe kabla ya mgonjwa kubadilishiwa plazma (maji ya damu), maana kazi hiyo huondoa kingamwili, na kabla ya kutundikiwa imunoglobulini, kwani hizo ni kingamwili za watu wengine. Kwa kuwa kipimo cha mionzi hakifanywi kila maabara, sampuli iliyochukuliwa Likoni au Kisauni huenda ikasafiri mbali. Iache igande, itenganishe seramu mapema kabla ya kuisafirisha, uiweke kwenye kisanduku chenye barafu. Damu nzima usiigandishe kwa baridi: chembe nyekundu hupasuka, seramu huwa nyekundu, na maabara itaikataa. Andika kwenye fomu dawa zote na tarehe zake.