Mizeituni ya Jaén na mvua isiyofika kwa wakati

Likitajwa jina la Mediterania, wengi wetu tunafikiria ufukwe. Mkoa ninaoupenda kuliko yote katika kazi yangu ya tabianchi hauna hata hatua moja ya pwani. Ni Jaén, kusini mwa Hispania, ndani ya Andalucía, ambako mizeituni zaidi ya milioni 60 imepandwa kwa mistari mpaka macho yanachoka. Takriban tone moja kati ya kila matano ya mafuta ya zeituni duniani, katika mwaka mzuri, hutoka hapa. Kwa hiyo mvua ya mkoa huu ikikosea mwezi, habari zinafika mpaka kwenye rafu ya duka la mbali kabisa.

Tazama kwanza ramani. Kaskazini kuna Sierra Morena, mashariki milima ya Cazorla na Segura, kusini Sierra Mágina yenye kilele cha mita 2,167. Pande tatu zimezibwa. Upande wa magharibi peke yake ndio uko wazi, kwa sababu bonde la mto Guadalquivir linateremka kutoka huku mpaka Atlantiki. Huo ndio mlango wa Jaén. Karibu mvua yote ya maana hupita hapo.

Wa kuufungua na kuufunga ni mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa karibu na visiwa vya Azores. Kiangazi unapanda kaskazini na kutanda juu ya Hispania. Hewa inashuka kutoka juu, na hewa inayoshuka hupata joto na kukauka, hivyo mawingu hayapati nafasi ya kujijenga. Julai na Agosti zinaweza kupita bila mvua ya kupimika. Kuanzia Oktoba mgandamizo huo hurudi nyuma, na mifumo ya mvua ya Atlantiki hupata njia, ikipanda bonde mpaka kugonga milima ya mashariki. Ndiyo maana mji wa Jaén hupata karibu milimita 500 kwa mwaka, ilhali sehemu za milima ya Cazorla hupita 1,000.

Milimita 500 si mvua ya kutisha wala ya kujivunia. Dodoma hupata kidogo zaidi ya hapo. Tofauti iko kwenye majira. Dodoma mvua inakuja pamoja na joto, kati ya Desemba na Aprili, na sehemu kubwa inarudi hewani upesi. Jaén mvua inakuja wakati wa baridi, jua likiwa dhaifu na miti ikiwa imetulia. Maji yanapata miezi ya kuzama taratibu. Mzeituni unaingia kiangazi ukiwa na akiba chini ya mizizi, na akiba hiyo ndiyo inayouvusha Julai na Agosti. Kilimo chote cha huku kisichotumia umwagiliaji kimesimama juu ya mpango huo: baridi iweke, kiangazi kitumie. Ninachokiona kwenye takwimu ni kwamba mpango huo unavunjwa, na unavunjwa hasa katikati, kwenye miezi ya kuchipua.

Kabla sijafika huko, jambo moja kuhusu joto la mkoa huu. Mji umejengwa mlimani, kwenye mita zipatazo 570. Usiku mtulivu wa Januari hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kujaa bondeni. Asubuhi unasimama mjini juani, na chini yako ukungu umefunika mashamba, wakati mwingine siku kadhaa mfululizo, huku miti ya mabondeni ikipigwa na sakitu. Kiangazi mambo ni hayohayo, ila sasa anayeumia ni mtu wa mjini: bonde linapoa kidogo alfajiri, mlima unabaki na joto lake usiku kucha. Kuna usiku kipimajoto cha mjini hakishuki chini ya nyuzi 25. Nikiulizwa Jaén kuna joto kiasi gani, huwa nauliza kwanza: wapi, na saa ngapi?

Sasa miezi ya kuchipua. Tarehe 27 Aprili 2023, uwanja wa ndege wa Córdoba, mkoa jirani bondeni humo humo, ulipima nyuzi joto 38.8. Hakuna Aprili iliyowahi kufika hapo Hispania bara. Wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi la kimataifa linalochunguza mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika matukio ya hali mbaya ya hewa, walipochambua siku zile walihitimisha kwamba joto la namna ile lisingewezekana, au lingekuwa nadra mno, bila dunia kuongezeka joto. Watu hukumbuka zaidi rekodi ya Agosti 2021, nyuzi 47.6 pale La Rambla, Córdoba. Mimi ile ya Aprili ndiyo iliyoninyima usingizi. Agosti mzeituni umeshajipanga kwa joto. Aprili ndio kwanza unaandaa maua.

Ua la mzeituni ni dogo sana, jeupe la kufifia, petali nne, limekaa kwenye kishada na wenzake. Halimtegemei nyuki; chavua inabebwa na upepo. Hewa ikiwa ya moto na kavu siku hizo, ua linakauka na kugeuka kahawia kabla tunda halijashika. Ukikitikisa kishada, maua yanamwagika mkononi kama makapi. Hakuna mvua ya Oktoba inayoweza kulirudisha tunda ambalo halikutungwa Mei.

Msimu wa 2021/22 Hispania ilipata karibu tani milioni 1.5 za mafuta ya zeituni. Uliofuata, tani 660,000 hivi. Msimu wa 2023/24 nao ulikuwa mbaya, na mwanzoni mwa 2024 kilo moja ya mafuta bora ilikuwa inauzwa kwa jumla kwa karibu euro 9. Ukame peke yake hautoshi kueleza anguko hilo. Ukame ulimaliza akiba ya ardhini, kisha joto la mapema likaja kuchukua maua.

Nchi za Mediterania zimeshapata joto la ziada la nyuzi 1.5 hivi kulinganisha na nyakati za kabla ya viwanda, zaidi ya wastani wa dunia. Kila nyuzi moja huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hapo pana mambo mawili kwa pamoja: hewa inavuta maji mengi zaidi kutoka ardhini na majanini, na ikipata nafasi ya kunyesha, inanyesha kwa nguvu. Kwa hiyo hata mwaka ambao milimita zimefika wastani, mti unaweza kuwa na kiu.

Vuli ya 2023 mabwawa ya bonde la Guadalquivir yalikuwa chini ya asilimia 20. Machi 2025 dhoruba zilizopewa majina ya Jana, Konrad, Laurence na Martinho zikafuatana, na ndani ya wiki chache mabwawa yakapita nusu. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini sikubaliani na waliotangaza kwamba tatizo limekwisha. Bwawa linapima maji yaliyokimbia. Mzeituni wa mlimani usiomwagiliwa unaishi kwa maji yaliyozama, na mvua ya kishindo kwenye mteremko mtupu huzama kidogo, kisha huondoka na udongo. Makorongo kati ya mistari ya miti yanaonekana hata kutoka barabarani.

Ndiyo sababu naunga mkono wakulima wanaoacha majani yaote kati ya mistari wakati wa baridi. Mizizi yake inafungua udongo na kupunguza kasi ya maji. Shida ni kwamba majani nayo yanakunywa, kwa hiyo lazima yafyekwe kabla hayajaanza kushindana na mti. Wengi bado wanafyeka kwa tarehe ile waliyoikuta kwa wazazi wao. Ningependa waitupe kalenda hiyo na kufuata unyevu wa udongo na utabiri wa siku kumi zijazo: kama joto linakuja mapema Aprili, mashine iingie shambani Machi.