Je, Wajua Modemu Hurekebishaje Masafa Yake Inapokosea?

Mpiga ngoma wa Kimakonde hukanza ngoma yake kwenye moto kabla ya mchezo kuanza, kwa kuwa anajua kwamba ngozi iliyopata unyevu hulegea na sauti yake ikashuka. Modemu ya intaneti iliyowekwa dirishani, chini ya bati, katika nyumba ya Shangani mjini Mtwara, nayo hupotoka kwa sababu ya hali ya hewa, lakini hakuna wa kuishughulikia. Hujirekebisha yenyewe, tena bila kukoma, pasipo mwenye nyumba kutambua.

Chanzo cha kupotoka huko ni kipande kidogo cha fuwele ya kwatzi kinachotetemeka ndani ya modemu. Mtetemo huo ndio saa ya modemu, na kutokana nao hutengenezwa masafa ya ndani, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo kipokezi huyatumia kulishusha wimbi la mnara wa simu hadi kiwango kinachoweza kusomwa. Fuwele ikichongwa ikiwa nene kidogo kuliko inavyotakiwa, ikipata joto au ikizeeka, mtetemo hubadilika na masafa yote yanayotokana nao hubadilika kwa uwiano uleule. Fuwele ya bei nafuu huweza kukosea sehemu 20 kwa kila milioni. Kosa hilo lingekuwa la saa ya ukutani, lisingefika hata sekunde 2 kwa siku, na nani angelijali? Lakini katika mawimbi ya megahezi 1,800, ambayo ni miongoni mwa masafa ya 4G, sehemu 20 kwa milioni ni kilohezi 36 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde, kilohezi ni elfu moja na megahezi ni milioni moja).

Kilohezi 36 ni nyingi kwa sababu ya namna 4G inavyopanga mawimbi yake. Mnara hautumi wimbi moja pana, bali hutuma mamia ya vibebeo vyembamba, yaani mawimbi madogo yanayobeba ujumbe, kila kimoja kikiwa kilohezi 15 tu kutoka kwa jirani yake. Katika nafasi ya megahezi 20 hukaa vibebeo 1,200. Vimepangwa kwa hesabu ambayo, pale kimoja kinapofika kileleni, vingine vyote huwa sifuri. Kipokezi kikiteleza hata kwa sehemu ndogo ya zile kilohezi 15, mpangilio huo huvurugika na kila kibebeo huanza kusikia minong'ono ya jirani zake; kikiteleza kwa 36, kitasoma kibebeo kisicho chake kabisa.

Kwa hiyo modemu inapowashwa hufanya kwanza makisio ya jumla. Mnara hurudia alama maalumu ya utambulisho kila baada ya milisekunde 5, na modemu, ambayo inaifahamu alama hiyo tangu kiwandani, huitafuta huku ikijaribu masafa ya juu kidogo na ya chini kidogo hadi ilingane.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona kuwa ya werevu zaidi. Kila kipande cha ujumbe hudumu mikrosekunde 66.7, na kabla yake mnara hutanguliza nakala ya mkia wa kipande hichohicho, hasa ili mwangwi wa majengo na vilima usiharibu ujumbe. Modemu hulinganisha nakala na mkia wenyewe. Masafa yakiwa sahihi, vitu hivyo viwili hufika vikiwa sawa. Yakikosewa, mkia huwa umezunguka kidogo kama mkono wa saa, na kiasi cha mzunguko huo ndicho kipimo cha kosa. Kosa la hezi 1,500, kwa mfano, huuzungusha mkono nyuzi 36. Kosa likizidi kilohezi 7.5, mkono hupita nusu ya mzunguko na haiwezekani tena kujua kama ulikwenda mbele au ulirudi nyuma, na ndiyo maana makisio ya jumla lazima yatangulie.

Kipimo kikishapatikana, modemu huivuta fuwele kwa kubadilisha volti kidogo, au huyazungusha mawimbi yaliyopokewa kwa hesabu hadi yakae sawa. Wazo la kulifanya wimbi la ndani lifuate la nje si geni, kwani Mfaransa Henri de Bellescize alilieleza mwaka 1932.

Ufuatiliaji huo haupaswi kuwa na pupa. Abiria wa basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa kutoka Lindi kuelekea Mtwara huona masafa ya mnara ulio mbele yakipanda kwa takriban hezi 133, kisha yakishuka kwa kiasi hichohicho mara basi linapoupita. Modemu ikiwa nzito itachelewa kulifuata badiliko hilo; ikiwa nyepesi mno itafuata hata kelele. Na usahihi unahitajika pande zote mbili, kwa kuwa fuwele ileile huongoza mawimbi yanayorudi mnarani, ambayo kanuni za 4G huyataka yasipotoke zaidi ya sehemu 0.1 kwa milioni, yaani hezi 180.

Niongeze kwamba intaneti inayozorota jioni kwa kawaida haitokani na fuwele, bali na wingi wa watu kwenye mnara mmoja. Fuwele huonekana zaidi umeme unapokatika na kurudi: modemu nyingi hukumbuka sahihisho lao la mwisho na kuanza kutafuta hapo, lakini kifaa kilichozimika kikiwa cha moto mchana na kuwashwa usiku kikiwa kimepoa hulazimika kuanza kukisia upya.